Maswali ya keneli: steki inayokua pale inapohitajika

Safari hii karibu kila aliyeandika anauliza habari za steki ya keneli (keneli ni kiini cha mfumo endeshi), kile kipande kidogo cha kumbukumbu ambamo uzi, yaani mfululizo mmoja wa kazi ya programu, huweka rejista na anwani za kurudia unapofanya kazi ndani ya keneli.

Seva yetu ina nyuzi milioni moja, nyingi zimelala. Steki zao zinakula kiasi gani?

Linux kwenye x86-64, aina ya prosesa iliyo kwenye seva nyingi, hutenga KB 16 kwa kila uzi, zitumike zisitumike. Zidisha kwa milioni moja, ni takriban GB 16. Uzi unaosubiri data ya mtandao huenda umegusa ukurasa mmoja au mbili tu kati ya nne (ukurasa ni kipande cha kumbukumbu cha KB 4). Una haki ya kulalamika.

Kwa nini tusirudi KB 8?

Tulikuwa huko hadi toleo la 3.15, mwaka 2014. Siku nyingi KB 8 zinatosha; kinachoponza ni ile siku moja mbaya zisipotosha: programu inaandika faili, mfumo wa faili unaomba kumbukumbu, kumbukumbu imekwisha, keneli inaanza kuokoa kurasa na kujikuta inarudi tena kwenye diski, yote juu ya steki ileile.

Steki ya programu ya kawaida hukua yenyewe. Ya keneli inashindwa wapi?

Programu ikigusa ukurasa usiokuwepo, prosesa huiita keneli, nayo hushughulikia hitilafu hiyo juu ya steki yake yenyewe. Sasa keneli ndiyo imefika mwisho wa steki. Prosesa inataka kuandika taarifa za hitilafu, lakini mahali pa kuandikia ndipo palipokosekana! Matokeo yake ni hitilafu maradufu. Hiyo hushughulikiwa kwenye steki ya pembeni iliyoandaliwa mapema, ila kwa kanuni za x86 si hitilafu ambayo umeahidiwa kurejea kutoka kwake salama. Mimi hapo ndipo ninapositasita, kuliko penginepo pote.

Na hata ukirejea, ukurasa mpya utautoa wapi? Tuseme uzi ulio kwenye prosesa namba 3 umeshika kufuli (kizuizi cha kuhakikisha mmoja tu anaingia kwa wakati) la mgawaji wa kumbukumbu, sehemu ya keneli inayotoa kurasa, kisha steki ikaishia hapohapo. Mshughulikiaji wa hitilafu akimwendea mgawaji, atasubiri kufuli ambalo uzi uleule aliousimamisha ndio unaolishikilia. Watasubiriana milele.

Pendekezo la Pasha Tatashin, mmoja wa waandishi wa keneli ya Linux, la mwaka 2024 linalikwepa hilo kwa ujanja ninaoupenda: uzi unaanza na ukurasa mmoja, na kila prosesa inakuwa na akiba yake ya kurasa tatu, inayojazwa upya wakati wa kubadilisha zamu ya nyuzi. Kati ya zamu na zamu, prosesa inaendesha uzi mmoja tu, na uzi huo hauwezi kudai zaidi ya kurasa tatu zilizobaki. Hakuna kufuli, kwa kuwa hakuna anayegusa akiba ya mwenzake. Kwa prosesa 128 akiba yote ni MB 1.5.

Uzi ukihamia prosesa nyingine, kurasa ulizoongezewa zinaufuata?

Ndiyo. Jedwali la kurasa za keneli ni la prosesa zote. Kuongeza ukurasa ni rahisi, maana kache ya anwani kwenye x86, ambamo prosesa hukumbuka anwani ipi iko ukurasa upi, haihifadhi habari za ukurasa usiokuwepo. Kuuondoa ndiko ghali: lazima prosesa nyingine zikatizwe zisafishe kache zao, la sivyo moja itaendelea kuandika kwenye kumbukumbu ambayo tayari ni ya mtu mwingine. Ningeiacha steki iliyokua ibaki ilivyo hadi uzi ufe.

Draiva yangu ya zamani (programu ya keneli inayoendesha kifaa) hupeleka bafa, yaani eneo la muda la data, iliyo kwenye steki moja kwa moja kwenye kifaa. Itaathirika?

Huna haja ya kusubiri steki zinazokua. Tangu steki zilipoanza kuwekwa kwenye anwani pepe (anwani ambazo keneli huzitafsiri kwenda kumbukumbu halisi kupitia jedwali la kurasa), toleo la 4.9 la mwaka 2016, kurasa zake si lazima zifuatane kwenye kumbukumbu halisi, na ile hesabu rahisi ya kupata anwani halisi, ambayo ndiyo kifaa hupewa, hutoa jibu la uongo. Omba bafa hiyo kwa kmalloc, kazi ya keneli inayotoa kumbukumbu inayofuatana.