Ulichanika vibaya uzazi wa kwanza: huyu wa pili kawaida au kisu?

Pole mwaya. Umeuliza kama kuchanika mpaka njia ya haja kubwa kwa mtoto wa kwanza ni sababu ya kupasuliwa safari hii. Kwanza, sasa hivi unaweza kubana gesi na choo? Usione haya, daktari lazima ajue. Kama vinakutoroka, kisu kina sababu. Kama uko sawa, wengi huzaa kawaida tena. Wanaochanika vile mara ya pili ni kama 5 hadi 7 kati ya 100. Na kisu si mteremko, mimi wiki mbili ndoo ya maji niliiangalia tu. Ukitaka watoto wengine, kila kovu huongeza hatari ya kondo la nyuma kunasa hapo. Nenda kliniki mapema, usisubiri uchungu.