Wateja wanaziba pua

SWALI: Shikamoo mama. Nauza nyumba yetu ya Ipagala, hapa Dodoma. Tangu wapangaji wahame imefungwa. Wateja wakiingia wanaziba pua, wanaaga. Nimepuliza pafyumu, nimefukiza udi, wapi! Dalali anataka nishushe bei. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bei usiiguse kwanza. Na udi uache leo hii: mnunuzi akiukuta umetanda nyumba tupu asubuhi, anajiuliza unaficha nini, na atakalowaza ni baya kuliko lililopo.

Anzia bafuni. Bomba la chini ya sinki limepinda, na pale penye kona hukaa maji yanayozuia hewa ya shimo la choo isipande. Nyumba ikifungwa kiangazi, kwa upepo wetu huu mkavu, maji yale hukauka na uvundo unaingia ndani moja kwa moja. Tundu la sakafuni ni vilevile. Mimina maji kila tundu, vuta choo, fungua madirisha, na urudie kila wiki mpaka iuzwe. Inaniuma watu wanapovunja vigae vizuri kwa jambo la ndoo moja ya maji!

Jikoni, kama walipikia mkaa ndani, osha masizi kwa maji ya sabuni, kuta zikauke, ndipo upake rangi.

Chungulia na darini. Ukikuta kinyesi cha popo, usikifagie kikavu. Vumbi lake hudhuru mapafu. Vaa barakoa, kilowanishe kwanza.

Kisha mwite jirani anuse. Pua yako imeshazoea.