Kwa nini tunalilia Shamba la Bibi

Mdogo wangu umeuliza kwa nini sisi wahenga tukitajiwa Shamba la Bibi, yaani Uwanja wa Uhuru wa Dar es Salaam, tunalegea, wakati Kwa Mkapa, Uwanja wa Benjamin Mkapa pale jirani, tangu 2007, kuna viti 60,000. Nikiri kwanza: kile kiti nakipenda. Mgongo wangu siku hizi hauna utani.

Ila mimi ni mtoto wa Keko, na miaka ile ya mwanzo ya tisini hela ya tiketi sikuwa nayo. Tulikuwa tunakata kwa miguu hadi Chang'ombe, tunasimama karibu na geti, unachagua mtu. Kuchagua kulikuwa na elimu yake. Mwenye haraka hakufai, aliyelewa atakuponza, mwenye watoto wake tayari ana mzigo. Unamtafuta mtu wa makamo, redio ndogo mkononi. "Shikamoo anko, naomba niingie na wewe." Anakushika mkono, getini anasema "huyu wangu", mmepita. Ndani anakuachia, pengine na karanga juu. Nimeingizwa hivyo na watu kibao, sijui jina la hata mmoja. Kuna mmoja alivaa njano na kijani ya Yanga, mimi nina kitambaa chekundu cha Simba mfukoni. Nilikifinya humo humo hadi tukaachana.

Ukikosa anko, unabaki nje unasoma kelele. "Aaah" ya uwanja mzima ni mwamba. Ikilipuka upande mmoja tu ni goli, na upande wenyewe ndio unakwambia kama ucheke au ununue ubuyu upoze moyo. Mwishoni mnasubiri fungulia mbwa: mageti yanaachiwa, mnamiminika, mnaambulia dakika kumi. Nyumbani unasimulia tisini.

Novemba 1993, fainali ya Kombe la CAF, Simba na Stella Abidjan ya Ivory Coast. Kwao tulitoka 0-0, kwa hiyo mjini kombe lilishabebwa kabla ya mechi. Anko nilimpata mapema. Mzunguko, majukwaa ya bei ya chini, umefurika, sioni kitu, jamaa mwingine kabisa akanipandisha mabegani. Tukapigwa 2-0. Hakunishusha hadi filimbi ya mwisho, nadhani alisahau kama nipo. Toka kule juu niliona watu wazima wanalia, na redio masikioni mwao bado zinawatangazia mechi ile ile waliyokuwa wanaitazama. (Watani wa Yanga, ya kutufunga 5-1 Novemba 2023 leo hatuyaongelei.)

Sipambi. Wezi walikuwepo, kandambili zangu zilibaki mle. Vifuko vya maji vilikuwa vinarushwa, na si vyote vilikuwa na maji. Akina mama ungewahesabu kwa vidole. Leo binti yangu anakwenda na wenzake, wanapaka rangi usoni, wanarudi salama, na hapo mimi sina hoja.

Msimu uliopita nilikwenda naye. Kadi unagusisha, chuma kinazunguka, mmoja mmoja. Pembeni kasimama dogo wa miaka kama tisa, anawapima watu. Nikamjua kabla hajafungua mdomo. Nikamshika mkono hadi kwenye chuma, nikasema "huyu wangu". Kijana wa getini akajibu kwa adabu kabisa, "Mzee, mashine inasoma kadi."

Nikampa dogo elfu mbili ya karanga. Akasema asante anko, akarudi palepale pembeni, akaendelea kuchagua.