Uvimbe "unakula" oksijeni ao "unatumia"?

Dada mmoja anasomea uuguzi hapa Bukavu ameniandikia: kwenye kaye yake ya Kifaransa iko "konsomasio ya oksijeni" ya tumere, ni kusema uvimbe, ile wanapima na IRM, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, anataka kumuelezea mama yake kwa Kiswahili, sasa aseme uvimbe unakula oksijeni, unatumia, ao unapumua?

Dada, "kupumua" uiachie kifua. "Kula" siyo kosa hata kidogo, si tunasema motokari inakula esansi, mbabula inakula makala, mama ataelewa mbio kuliko ukimletea "matumizi". Kwenye karatasi ya masomo ndo uandike matumizi ya oksijeni.

Penye watu wanateleza ni pale wanasema "kupima oksijeni ya uvimbe" wakidhani wamemaliza. Oksijeni iliyobaki na iliyoliwa si kitu kimoja. Fungua gunia ya makala jikoni, ukute imebaki kidogo, utajua ni juu ya nini? Labda mbabula inakula sana, labda muuzaji wa soko ya Kadutu hajaleta. Uvimbe ni vile vile, mishipa yake ya damu imejipinda ovyo, oksijeni inaweza kupunguka juu damu haifike vizuri, ulaji haumo. Ile IRM wanaita BOLD inaangalia damu iliyokwisha kunyang'anywa oksijeni, maana hiyo damu inasumbua sumaku kidogo, donc inachungulia gunia tu. Hapo sema "kiasi cha oksijeni".

Mwenye kutafuta ulaji wenyewe anahesabu majivu. Kuna oksijeni-17, aina moja ya oksijeni, ni adimu, katika atomu 10.000 za oksijeni ya kawaida iko kama 4 tu, basi mgonjwa wanamvutisha gazi iliyoongezewa hiyo, ikingali gazi mashine haiioni, lakini seli ikishaila inageuka maji, ndo majivu yenyewe, na hayo maji ndiyo IRM inaona. Wamekwisha kuipima hivyo hata kwa watu wenye uvimbe wa ubongo. Hapo ndo "matumizi" inakaa mahali pake.

Halafu "uvimbe" peke yake mama atafikiri jino, sema uvimbe wa kansere. Na tafadhali usiseme mionzi, IRM ni sumaku na mawimbi ya redio, redio ya kusikilizia habari, siyo ile "radio", picha ya mionzi ya kupigwa kifua, hapo tulijifunga wenyewe, neno moja kazi mbili.