Meza ya Mbao Chini ya Kiyoyozi

SWALI: Tunataka meza nane za ofisi kutoka kwa fundi wa mtaani, kwa mbao zisizotokana na ukataji holela. Meza yetu ya kwanza ilipasuka katikati baada ya miezi michache kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Tumwambie nini fundi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Agizeni mtiki wa mashamba ya kupandwa, kama Longuza (Muheza) au Mtibwa (Morogoro). Dai risiti na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu. Mninga usio na kibali achaneni nao, hata bei ikishuka.

Ufa ule chanzo chake ni kiyoyozi. Mbao zilizoanikwa kwenye hewa ya Dar hubaki na unyevu. Zikiingia ofisini hukauka zaidi, na uso wa meza wenye upana wa sentimita 70 unaweza kusinyaa milimita 5 au zaidi. Ukiwa umebanwa kwa gundi na misumari, ni rahisi upasuke. Nunueni mbao zilizokaushwa kwa tanuri, unyevu asilimia 10 hadi 12, na mzipime wenyewe kwa mashine ya kupimia unyevu kabla fundi hajaranda. Uso ufungwe kwenye fremu kwa skrubu na washa (kipete bapa cha chuma) kwenye matundu marefu, yaelekee upande wa upana, ili mbao zisinyae bila kubanwa.

Kila meza: sentimita 140 kwa 70, kimo 74, uso unene wa milimita 25 baada ya kuranda. Sehemu nyeupe ya mtiki ikataliwe, wadudu huipenda. Vanishi ipakwe juu na chini. Mafundi wengi huruka chini, uso ukapinda.

Anzeni na meza moja. Ikae ofisini wiki sita, ndipo mlipie saba zilizobaki.