Bwana anasema "ninataka kuacha lakini..." je, ni bongo?

Mama, umeuliza kama bwana yako anachekea mushauri, juu kila juma anamwambia "ninataka kuacha kanyanga" (ile pombe kali) na mangaribi anapita tena Kadutu kunywa. Mi nafanya kazi ya kusikiliza batu hapa Bukavu, na nakwambia haiko bongo, hadanganye. Mutu wa pombe iko na roho mbili, moya inasema acha, ingine inasema baki, na zote mbili ni zake.

William Miller wa Marekani, mwenye alianza kuelezea mu 1983 namna ya mazungumuzo ya kusaidia mutu apate mwenyewe sababu za kuacha (kwa Kiingereza banaita "motivational interviewing"), alifundisha tusikilize maneno yenyewe. "Ninapenda kuacha", "naweza", "juu ya batoto", "inafaa", ile yote ni kujitayarisha tu, bado haiko ahadi. Ahadi ni "kesho sipite kule, makuta nitaleta nyumbani". Mu 2003 uchunguzi moya ya batu ba madawa ya kulevya ulionyesha kama nguvu ya ile ahadi, zaidi mwisho wa kikao, njo ilifatana na kuacha kweli.

Sasa weye ukimupandia juu "mulevi, batoto banalala njaa!" atajitetea, na akijitetea anajisikia mwenyewe akitaja sababu za kunywa (ata bashauri bengine banakosa hapa, banahubiri sana). Muulize tu "nini inakufanya utamani kuacha?" halafu nyamaza kabisa, ata kama inauma. Na kama asubui mikono inamutetemeka asiache gafla peke yake, mupeleke kwanza kwa munganga.