Muulize Fundi: Nani kasema ukifika 45 ni madera tu?

Jamani meseji za mwezi huu zimenichekesha na kuniudhi kwa pamoja, manake karibu zote zinaanza na umri. Anti mi nina miaka kadhaa, je naruhusiwa kuvaa hiki? Unaruhusiwa na nani sasa? Mi nimekaa kwenye cherehani miaka 22 hapa Dar na sijawahi kumpima mteja miaka yake, napima bega, kifua, kiuno, hipsi na urefu, basi. Tuanze.

Habari dada. Nina miaka 47, niko Morogoro. Zamani nilikuwa mwembamba ila tangu hedhi ianze kusuasua tumbo limetoka, mikono imejaa, nguo zote kabatini zinanikataa, na joto linanipanda ghafla natota jasho. Wifi yangu anasema umri wa magauni ya kubana umeshapita, ninunue madera nitulie. Nikivaa dera kweli napumua, lakini nikijiona kwenye picha niko kama turubai la msiba. Nifanyeje?

Dada yangu, hilo turubai limenimaliza, nimelisoma kwa sauti pale kazini wenzangu wakaacha kushona.

Dera halina kosa, we angalia tu lilivyokatwa. Ni kitambaa kipana, kimekunjwa, kikatobolewa shingo, kikashonwa pembeni, halina bega wala kiuno, kwa hiyo linaning'inia kuanzia pale ulipojaa zaidi. Kwa mwenye kifua linaanzia kifuani linashuka moja kwa moja mpaka chini, na anayekuangalia anadhani upana wa kifua ndo upana wa mwili mzima. Sasa lichukue lile unalolipenda umpelekee fundi, mwambie aingie inchi 2 kila ubavu, usawa wa pale mkanda wa brazia unapokaa, halafu aachie taratibu kuelekea kwenye hipsi. Tumboni asiguse kabisa. Wengi wetu tumbo likishatoka ile sehemu nyembamba inahama, haiko tena kiunoni, iko juu kwenye mbavu chini ya matiti, na ndo hapo nguo inatakiwa ikushike. Na hata magauni yako mapya yashonwe hivyohivyo, mkato wake uwe juu, mikono ifike kwenye kiwiko au ipite kidogo, isiishie pale katikati mkono ulipojaa.

Ila kabla ya fundi, brazia. Nisamehe kwa kuingilia mambo ya ndani lakini nina uhakika unavaa saizi uliyoizoea tangu uko mwembamba. Chukua futi ya kupimia, pima chini ya matiti ikiwa imekaza, halafu pima pale yalipojaa zaidi, toa. Tofauti ikiwa inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D. Kwa hiyo chini 36 na juu 40 wewe ni 36D, wala sio 40 kama wanavyokuambia wale wauzaji wa barabarani wanaopima kwa macho. Mkanda ukipanda mgongoni ujue ni mkubwa. Na ukinunua mpya ikukae vizuri kwenye kishikizo cha mwisho, kile cha kulegeza, kwa sababu lastiki italegea na utahitaji pa kukaza baadae. Brazia ikinyanyua kifua unapata nafasi kati ya matiti na tumbo, na hiyo nafasi ndo inakupa umbo hata kabla ya nguo.

Kuhusu joto, achana na polista. Najua vitenge vya polista vina rangi nzuri na havichuji ila ni mfuko wa plastiki ule. Ukitaka kujua, chomoa nyuzi 2 pembeni ya kitambaa uziwashe na kibiriti, pamba inaungua kama karatasi inaacha majivu laini, polista inayeyuka inakuwa kitone kigumu. Muuzaji atakununia, mwache anune. Ukishapata ya pamba iloweke usiku kucha uianike kabla hujampelekea fundi, la sivyo itarudi baada ya kufua mara ya kwanza halafu mje mtulaumu sisi.

Na cha mwisho usikubali maua yakae popote tu. Mwaka nilioolewa nilijishonea mwenyewe gauni la sendofu, kitenge cha maduara makubwa kama sahani, nilikuwa na haraka sikupanga kitambaa kabla ya kukata, nikaja kugundua ukumbini kwamba maduara 2 yamekaa hapahapa kifuani, moja huku moja huku. Shangazi zangu walicheka mpaka keki ikakatwa. Picha zipo, nimezificha.

Shikamoo anti. Nina miaka 25, nimepata kazi ofisini hapa Dodoma, ya mkataba, mshahara wenyewe mdogo. Wenzangu wanavaa suti za dukani mi nanunua mitumba Sabasaba, nikifika nyumbani nusu yake hainikai vizuri na pale kujaribu haiwezekani watu wamejaa.

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa kazi. Mitumba sio shida, mitumba mingine imeshonwa vizuri kuliko hizo suti, shida unanunua kwa hisia. Kuna ile staili ya kuzungushia kiuno cha suruali shingoni, ncha zikikutana eti inakutosha, mi siiamini, inasoma kiuno tu haijui habari za hipsi na sisi wengi ndo hapo tunapokwama.

Fanya hivi. Chukua blauzi na sketi zinazokukaa vizuri kuliko zote, zilaze kitandani, pima blauzi bega kwa bega, kwapa kwa kwapa, sketi kiunoni na pale kwenye hipsi, andika kwenye simu. Futi iweke kwenye mkoba, inakunjika haina uzito. Ukifika pale kwenye meza ya mitumba laza nguo, pima, linganisha, sekunde 20 tu, watu watakushangaa wiki ya kwanza, wiki ya pili watakuomba uwaazime.

Kingine kikubwa ni bega. Kiuno kinapunguzwa, urefu wa mikono unapunguzwa, pindo linapandishwa, hizo ni kazi za fundi wa mtaani na bei yake ni ndogo. Bega la koti hapana. Koti la suti lina pedi na bitana, ukitaka kurudisha bega inabidi kuvua mkono mzima, kukata, kuurudisha bila kukunjamana, na fundi anayeiweza hiyo kazi atakutoza kuliko bei ya koti lenyewe. Kwa hiyo mshono wa bega ukipita mfupa wa bega lako liache, hata liwe zuri vipi, litakuumiza roho tu kabatini. Na kabla hujalipa inua nguo juu mwangani uangalie kwapani na makalioni, kama mwanga unapenya, kitambaa kimekwisha.

Rangi za chini zisizidi 2, tuseme bluu iliyokoza na kahawia. Ukiwa na sketi 2 na suruali 1 za hizo rangi, na blauzi 4 zinazokubaliana nazo zote, una mavazi 12 tofauti kabla hata hujagusa koti. Wenzako wa suti wana suti 3.

Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, Tanga, miaka 66. Mjukuu wangu anaolewa na kamati imetupangia sare ya njano ya haradali, rangi hiyo inanifanya nionekane mgonjwa. Pia binti zangu wananishinikiza nipake nywele nyeusi. Mvi zangu nazipenda.

Shikamoo mwalimu. Hizi kamati zinachagua rangi kwa kuangalia mapambo ya ukumbi, sura za bibi hawazikumbuki.

Rangi inakudhuru ikikaa jirani na uso, ikikaa mbali haina neno. Kwa hiyo sare vaa, usigombane na mtu, ila mwambie fundi shingo iwe ya V au ya duara lililoshuka ili hiyo haradali isikukae kidevuni, halafu hapo juu weka rangi yako, iwe kilemba, mtandio au hereni kubwa. Kuichagua usitegemee taa za dukani zinadanganya sana, omba vitambaa 2 au 3 usogee nao mlangoni, shika kimoja kimoja chini ya kidevu na umwulize uliyeenda naye anaona nini kwanza. Akiona uso wako, lipia. Akiona kitambaa, kirudishe. Mi nahisi zambarau iliyoiva itakupenda lakini sijakuona.

Nywele mwalimu uko sahihi. Weusi wa kanta kwenye uso wa miaka 66 unakaza sura, kila mkunjo unaonekana. Wakikushinda nguvu basi angalau wapake kidogo nyuma ya sikio msubiri siku 2, hizi dawa nyeusi zinawasha watu mpaka uso unavimba na hutaki hiyo wiki ya harusi. Na hao binti zako waambie wamwangalie Rais Samia, kazaliwa 1960, mtandio na mavazi marefu ya heshima, rangi zinabadilika ila mtindo haubadiliki, ukimwona kwa mbali unajua ni yeye. Mtu mzima akishajua vazi lake hababaiki na fasheni ya mwaka.

Assalaam aleykum. Mie kwetu Unguja lakini naishi Muscat, miaka 38, mfupi. Baibui jeusi linanimeza. Siwezi kuacha kuvaa, nataka tu nionekane kuna mtu ndani.

Waaleykum salaam bibie. Kwako ni mambo madogo tu. Bega likae pale linapostahili, ile mikono mipana kama mbawa waachie warefu. Nakshi ukiitaka ipite mbele kwa wima, kutoka shingoni mpaka chini, ile ya mkanda kuzunguka pindo inakukata inakufupisha. Ushungi usiwe mkubwa kuliko mabega.

Halafu urefu. Wafupi wengi wanavaa baibui linalokunjamana chini, ndo linalowameza hilo. Pindo liguse juu ya kiatu lisijilaze sakafuni. Ukienda kupima vaa viatu vilevile utakavyotoka navyo, manake ukipimwa peku halafu ukaja kuvaa kisigino litapanda, ukipimwa na kisigino halafu ukavaa ndala utafagia Muscat nzima.